Mzee ana Parkinson, kutetemeka kumetulia na dawa ila mengine ndo yanatumaliza. Walezi wenzangu mnafanyaje?

mlezi_tabata

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Naandika saa nane na robo usiku nimekaa kwenye kochi sebuleni sababu nikienda kulala najua nitashtuliwa tena.

Mimi ni mlezi wa wazee majumbani, nilisoma uhudumu wa afya mwaka mmoja, kazi hii huu mwaka wa sita. Nimelea wa kiharusi, wa sukari aliyekatwa mguu, bibi mmoja wa saratani mpaka akafia mikononi mwangu. Parkinson ndo mara ya kwanza. Chuoni tulifundishwa nusu saa tu, mkono unatetemeka, mwili unakakamaa, anatembea anaburuza ndala, kwisha habari, tukaenda kunywa chai.

Sasa mzee wangu ana miaka 71, zamani alikuwa dereva wa treni TAZARA. Anatumia levodopa mara tatu, saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni. Kutetemeka kweli kumetulia, kikombe cha chai anashika mwenyewe, watoto wake wakija Jumapili wanafurahi wanasema baba kapona, wanakaa saa mbili wanaondoka. Mimi ndo nabaki na vile ambavyo havionekani Jumapili.

Leo kachana chandarua. Nimemkuta anapiga kelele "breki! breki!" huku anakanyaga ukuta kwa mguu wa kulia kwa nguvu zake zote, nikamwamsha, akaniambia kuna ng'ombe kwenye reli. Mama alishahamia chumba cha wageni tangu mwaka juzi, alipigwa kiwiko cha jicho akidhani mumewe kachanganyikiwa. Choo leo siku ya tano hajapata. Asubuhi akiinuka kitandani anayumba kama mlevi, juzi kaanguka kati ya kitanda na mlango, bahati yake kaangukia tenga la nguo chafu. Jioni anaona watoto wawili wamekaa karibu na mlango, hawasemi kitu wanamwangalia tu, hata hawaogopi, ananiuliza mimi kama wameshakula.

Halafu kuna hili la mchana, hili ndo linanichosha kuliko yote. Ikifika kama saa sita hivi anabadilika, jasho linamtoka, ananishika mkono anasema usiniache nakufa. Napima presha iko sawa, sukari iko sawa. Ukirudi saa nane kasorobo amekaa anasikiliza redio kama siyo yeye.

Mama anasema mumewe kamchoka, hacheki naye tena, uso kama ukuta. Kijana mkubwa anasema baba kawa mvivu anapenda kudekezwa. Shangazi mtu kasema ni majini ya njia ya reli na keshokutwa sheikh anakuja kusoma.

Naomba kujua, hizi ni shida nyingine zimeingia au ni Parkinson hiyohiyo? Na mimi sina mamlaka ya kugusa dawa ya mtu, naanzia wapi?

Mchanja_Mbuga

Pole sana dada. Mimi sio mtu wa afya ila nimesikia mbegu za upupu zinatibu hiyo kitu kabisa, wahindi wanatumia tangu zamani. Upupu huo huo unaotuwasha shambani. Mnatafuta mbali dawa ziko porini.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu marahaba, na pole kwa usiku. Nimefanya kazi wodini miaka 31 na mume wa dada yangu tulimuuguza na ugonjwa huo mpaka mwisho, kwa hiyo nitaandika refu unisamehe.

Ni Parkinson hiyohiyo. Yote uliyotaja. Wale ng'ombe kwenye reli, choo, kuyumba, watoto mlangoni, jasho la saa sita, mpaka huo uso anaolalamikia mama. Kinachowachanganya watu ni jina tulilolizoea, ugonjwa wa kutetemeka, basi mtu akiacha kutetemeka tunahesabu kapona. Daktari aliyeuelezea kwanza, James Parkinson wa London, mwaka 1817 alikuwa na wagonjwa sita tu, wengine aliwaona njiani tu, na hata yeye aliandika kwamba choo kinakuwa cha shida na usingizi unaharibika. Alikosea sehemu moja, alisema akili haiguswi. Inaguswa, sio kwa kila mtu na sio siku ya kwanza, ila inaguswa.

Sababu yenyewe ni hii kwa lugha ya jikoni. Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini, ikipungua ndo inaleta kukakamaa na kutetemeka, na levodopa unayompa inageuka kuwa hiyo dopamini, ndo maana mkono umetulia. Lakini ugonjwa hauli sehemu moja. Kuna protini inaganda ndani ya seli za neva, na haigandi kwenye ubongo peke yake, inaonekana mpaka kwenye neva za utumbo na za pua, na kemikali nyingine za furaha, za kumbukumbu, za kushikilia presha nazo zinapungua. Levodopa inarudisha moja. Hizo nyingine zinabaki pengo. Muulize mama kama mzee aliacha kusikia harufu zamani, na kama hiyo ya kupigana usingizini haikuanza kabla ya mkono. Nitashangaa akikwambia hapana. Shemeji yangu alikuwa anafunga choo miaka kumi kabla hajatetemeka, tukawa tunamcheka anakula mihogo mingi.

(Na kama hasikii harufu, mtungi wa gesi usiwe jukumu lake tena, wala chakula cha jana asionje yeye kujua kama kimechacha.)

Sasa unaanzia wapi. Nenda dukani kanunue daftari la kurasa 96. Usiandike "mzee hakulala vizuri", hiyo haimsaidii daktari. Andika saa. Dawa kameza saa ngapi hasa, sio saa iliyopangwa. Kala nini saa ngapi. Jasho limeanza saa ngapi limeisha saa ngapi. Watoto wamekuja saa ngapi, taa ilikuwa imewaka au la. Choo lini. Kaanguka wapi akitoka kufanya nini. Wiki mbili tu. Maana nikisoma hapo kwako, dozi saa moja asubuhi, jasho na "nakufa" saa sita, dozi saa saba, saa nane kasorobo katulia. Mwanangu hujaona? Hiyo inanuka dawa inayoisha mwilini kabla dozi nyingine haijaingia. Watu wanajua dawa ikiisha mkono unarudi kutetemeka, hawajui kwamba hofu nayo inarudi, jasho linarudi, maumivu yanarudi, wakati mwingine hofu inatangulia mkono. Daktari akiliona hilo kwenye karatasi anaweza kusogeza masaa au kugawa dozi, wewe usisogeze. Na hiyo haimaanishi uache kupima sukari na presha, mzee mwenye jasho na kifua kinachobana anaweza kuwa na moyo pia, mara moja mpelekeni apimwe moyo mjiridhishe.

Presha mnampimaje? Kama mnampima amekaa kwenye kochi saa nne hamtaona kitu. Mlaze dakika tano, pima. Msimamishe, umshike, pima ndani ya dakika tatu. Ya juu ikishuka 20 au ya chini 10 hiyo ndo inamwangusha. Na niambie kama anameza dawa yoyote ya presha ya kupanda.

Kuhusu watoto mlangoni: usibishane naye na usimkubalie kwamba wapo. Shemeji yangu aliona mbwa. Nilikuwa namwambia "mimi simwoni, ila najua wewe unamwona, atakuwa haumi". Basi. Washa taa mapema kabla giza halijaingia vizuri, angalia pale mlangoni kuna nini, mara nyingi kuna kitu jicho linakitafsiri vibaya, pazia la maua, nguo iliyotundikwa. Ila kama maruweruwe yamekuja ghafla au yamezidi ghafla, kwanza tafuta mkojo mchafu, choo kilichokaa, maji kidogo, homa, dawa mpya. Choo cha siku tano peke yake kinatosha kumvuruga mzee.

Sheikh aje. Asome, mzee atulie, hakuna ubaya, tena mwambie sheikh mwenyewe akae nao awaambie dawa isiachwe. Hilo tu. Dawa isiachwe hata siku moja, kuikata ghafla kunaweza kumletea homa kali na mwili kukakamaa kama mbao, watu wanafika hospitali hawajitambui.

mfamasia_temeke

Nesi kamaliza mimi naongeza la dawa maana hapa ndo watu wanaumizwa bila kukusudia.

Dada, andika kwenye karatasi kubwa bandika kwenye mlango wa friji na nyingine iwe kwenye begi la hospitali: MGONJWA WA PARKINSON, ASIPEWE Plasil, ASIPEWE haloperidoli, ASIPEWE Largactil. Phenergan nayo iandike. Hizi, za kutapika, za kutuliza akili na za mzio, zinaziba milango ileile ambayo dopamini inapita. Mzee akitapika, mtu yeyote duka la dawa atakupa Plasil bila kuuliza, na akianza kuona watu usiku wodini atachomwa haloperidoli atulie, na kweli atatulia, hatainuka wiki nzima. Nimeona kwa mjomba wangu, hospitali moja hapa mjini sitaitaja, alilazwa kwa malaria anatembea akatoka anabebwa. Kama kutapika kuna dawa nyingine isiyoingia ubongoni, na kwa maruweruwe kuna chache sana ambazo daktari wa mishipa ya fahamu anazichagua, mfano klozapini, hiyo inataka kupimwa damu mara kwa mara sio ya kujinunulia.

Artane je, yumo? Wazee wengi hapa Dar wanakutwa wanameza Artane kwa sababu ni rahisi na ipo kila mahali. Inapunguza kutetemeka kweli ila kwa mtu wa miaka 71 inamfungia choo, inamkausha mdomo, inamvuruga kumbukumbu na inaleta hayohayo maruweruwe. Kama yumo usiikate, peleka kwa daktari uulize kwa nini bado anaitumia.

Levodopa na chakula: imezwe nusu saa kabla ya kula au saa moja baada, na maji glasi nzima. Nyama, samaki, maharage, maziwa vinagombania njia na dawa pale kwenye utumbo. Haimaanishi asile dagaa wake, ala, wazee hawa wanakonda wenyewe, ila asimeze kidonge na maharage mdomoni. Vidonge vya kuongeza damu vikae mbali na levodopa pia. Na choo kikifunga dawa inakaa tumboni haishuki, ndo unaona siku nyingine dozi "haikamati".

@Mchanja_Mbuga kaka hujakosea kabisa, mbegu za upupu zina levodopa ndani, ya kweli, na watafiti wameshazipima kwa wagonjwa. Shida ni kwamba kijiko cha leo na kijiko cha kesho havina kiasi sawa, na vidonge vya hospitali vinakuja na mwenzake anayezuia kutapika na kushuka presha, upupu hauna mwenzake. Mzee anayeyumba asubuhi ukimuongezea upupu juu ya levodopa utamuokota chini. Kwa hiyo hapana.

Mchanja_Mbuga

Sawa mkuu nimenyoosha mikono 😂 ila mmekubali upupu umo.

BintiKimara

Nimesoma nimelia kidogo, haswa hapo pa uso kama ukuta. Mimi sio mlezi wa kazi, ni baba yangu, mwaka wa saba huu.

Dada mwambie mama hivi, uso unakakamaa kama mkono unavyokakamaa. Misuli ya uso nayo ni misuli. Baba yangu alikuwa anatazama mpira Simba wanafunga anabaki vilevile kama anaangalia taarifa ya habari, tukasema baba kashaacha ushabiki, siku moja nikamuuliza baba umefurahi? Akasema kwa ile sauti yao ya chini, "sana mama, moyo unaruka". Tangu siku hiyo nauliza, sisomi uso. Mama akae karibu, azime redio, aulize, asubiri. Jibu linachelewa. Sisi tunauliza swali la pili kabla la kwanza halijafika.

Ila pia kuna uvivu ambao sio uvivu, na huzuni ambayo ni sonona kweli, hivi viwili ni tofauti. Baba kuna kipindi alikuwa hana huzuni yoyote ila hataki kuanza kitu, ukimweka nje kwenye kiti anakaa mpaka jua linamfuata, ukimwambia twende anaenda na anafurahi. Hapo nilichofanya ni ratiba, sikumuuliza unataka kutoka, nilisema baba saa kumi tunakwenda kwa jirani. Halafu kikaja kipindi kingine anasema bora nife niwapumzishe. Hiyo haikuwa ratiba tena, hiyo ni hospitali, akapewa dawa ya sonona na ikasaidia, na nilimuuliza wazi kabisa kama anawaza kujidhuru, niliogopa kuuliza lakini aliponijibu niliona kama mzigo umemtoka.

Na kuna aibu moja nitaisema hapa kwa kuwa hamnijui. Kuna mwaka alibadilishiwa dawa akapewa pramipeksoli, dawa nyingine ya Parkinson inayoiga dopamini. Miezi mitatu baadaye pensheni haitoshi. Baba yangu mimi, mtu wa swala tano, alikuwa anabeti kwenye simu usiku kucha, mikeka kumi na mbili kwa siku, mpaka mechi za nchi asizozijua. Kaka zangu walimfokea vibaya mno. Hakuna aliyetuambia kwamba dawa za kundi lile zinaweza kumfanya mtu ashindwe kujizuia, kwa wengine ni kamari, kwa wengine kununua vitu, kula, wengine ni mambo ya chumbani na familia inaficha. Nilipomwambia daktari akaipunguza polepole, mikeka ikaisha yenyewe. Bado baba anaomba msamaha mpaka leo na mimi namwambia baba haikuwa wewe.

Kwa hiyo kwenye daftari la nesi ongeza na pesa na simu.

viungo_upanga

Mimi ni wa mazoezi ya viungo. Naongezea vya mwilini haraka haraka.

Kitanda: weka tofali mbili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kilale kwa mteremko, inasaidia presha ya asubuhi. Kabla hajainuka anywe maji glasi mbili akiwa bado kitandani, akae miguu inaning'inia dakika mbili, akanyagekanyage hewa, ndo asimame. Joto hili la Dar na kuoga maji ya moto vinashusha presha, kula sana kwa mkupuo nako hivyohivyo, asiinuke mara tu baada ya ugali. Chumvi usiongeze mpaka daktari aseme.

Choo: je ni cha kuchuchumaa? Maana mgonjwa aliyekakamaa na presha inayoshuka ukimchuchumaza ndo umemtega. Wateja wangu wengi wanatoboa kiti cha plastiki, kinawekwa juu ya tundu. Kama ni cha kukaa weka kigoda chini ya miguu, magoti yawe juu kidogo ya nyonga, na aende kila siku nusu saa baada ya kifungua kinywa, hata kama hasikii haja. Papai, mchicha, uji wa dona, maji, na kutembea. Vikishindikana kuna dawa za kulainisha za kila siku, hizo sio za kuonea aibu. Tumbo likivimba gumu na anatapika na hata upepo hautoki, usisubiri siku ya sita, hospitali siku hiyohiyo.

Kumeza: mwangalie akinywa maji. Akikohoa au sauti ikawa na maji maji baada ya kunywa, mwambie daktari, maana chakula kinaelekea kwenye mapafu, na nimonia ndo inawaondoa wengi. Akae wima kabisa, ale wakati dawa imekamata, mdogo mdogo, TV izimwe. Udenda ukimtoka sio kwamba mate yamezidi, anasahau kumeza tu.

Usiku: ondoa meza ya kioo na taa ya kitandani, godoro lingine chini pembeni, kitanda mbali na dirisha. Akiwa ndani ya ndoto usimkamate kwa nguvu, ita jina lake ukiwa umbali wa mguu. Chandarua kipya tundika kipana. Kuna dawa ya ndoto hizo ila baadhi zinalegeza mtu akiamka kukojoa, daktari apime faida na kuanguka.

mlezi_tabata

Wakuu ahsanteni sana sana, nimerudi, wiki tatu na kitu zimepita. Nina mengi.

Daftari nilinunua siku ileile. Kwanza la pua, nilimuuliza mama, akacheka, akasema mume wangu hajasikia harufu ya pilau tangu mwaka 2012, nikawa nagombana naye hasifii chakula. Na kupiga teke usingizini kulianza kipindi bado yuko kazini. Mama alinyamaza muda mrefu baada ya kuniambia hivyo. Siku hizi anamuuliza. Juzi nimemsikia anamuuliza "umeipenda chai?" halafu kasubiri mpaka mimi nilitaka kujibu, mzee akasema "imezidi sukari". Mama alifurahi kama kapewa mahari upya.

Presha. Nilimlaza, 142 kwa 84. Nikamsimamisha nimemkumbatia kiunoni na dada wa kazi ameshika mashine, dakika ya tatu ikasoma 104 kwa 62, na miguu ikaanza kulegea. Na nesi uliuliza, ndio, anameza dawa ya presha ya kupanda tangu mwaka 2015, hakuna mtu aliyewahi kuiangalia tena. Artane naye yumo, wa jioni, alipewa mwanzoni kabisa kabla ya levodopa.

Tulienda kliniki na kijana mkubwa. Nilikuwa naogopa wataniona najifanya najua. Daktari alifungua daftari akasoma kurasa zote kimya, akarudi nyuma akasoma tena saa sita za siku kumi na nne mfululizo, akamgeuzia kijana akamwambia, "baba yako sio mvivu wala hadekezwi, anaishiwa dawa kila siku kabla ya mchana". Kijana aliangalia chini. Levodopa imekuwa mara nne kwa masaa mapya, kiasi cha siku kimebaki karibu kilekile. Dawa ya presha imepunguzwa, tunarudi kupima. Artane inapunguzwa taratibu wiki hadi wiki. Moyo umepimwa uko salama. Mkojo ulikuwa na maambukizi, katibiwa.

Jasho la saa sita: siku kumi sasa, limekuja mara mbili tu, na zote mbili daftari linasema dozi ilichelewa. Moja nilichelewa mimi, foleni ya mwendokasi, nimeandika vilevile.

Watoto bado wanakuja. Ila nilikaa pale anapokaa yeye saa kumi na mbili na nusu jioni, taa sijawasha, nikaangalia mlangoni. Kuna misumari miwili, dada wa kazi anatundika kanga zake pale akitoka kufua. Mwenyewe niliruka. Kanga zimehama, taa tunawasha saa kumi na mbili kamili, umeme ukikatika kuna taa ya chaji. Sasa anasema siku nyingine anakuja mmoja tu, na huyo ananiambia ni mkimya.

Sheikh alikuja, alisoma vizuri, na alimwambia shangazi mbele yetu dawa iendelee. Sasa ndo swali langu jipya. Mzee anataka kufunga Ramadhani. Sheikh kamwambia mgonjwa ana ruhusa, mzee anasema yeye hajawahi kula Ramadhani mchana tangu ana miaka 12. Dozi mara nne, mbili mchana. Nifanyeje?

Nesi_Mstaafu

Mwanangu umefanya kazi ya watu watano. Hilo la Ramadhani lisikuangukie wewe. Rudini kliniki mapema, sio tarehe moja ya mfungo, mkae daktari, mzee na sheikh kama anaweza kuja. Kwa dozi nne na presha inayoshuka hivyo mimi siioni salama, na maji nayo anayahitaji. Shemeji yangu tulimpa kazi ya kulisha watu futari nyumbani kila jioni, yeye ndo alikuwa anagawa tende kwa mkono wake, dozi ikiwa imekamata. Ilimtuliza kuliko maneno yetu.

Choo vipi leo?

mlezi_tabata

Leo saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mwenyewe. Nimeandika.